Mabega ya Geum-sil

22 Juni
Mvua za kiangazi zimeingia leo asubuhi, mapema kuliko redio ilivyosema. Pazia jeupe la studio limeshaanza kunuka ukungu. Mteja mmoja tu, kijana anayetaka picha ya kuombea kazi benki. Nimemnyoa taya, nimempanua macho, nimemwondolea kovu la utotoni. Kafurahi, kaenda zake. Mama yake mzazi hatamtambua kwenye hiyo karatasi, lakini hilo si tatizo langu.

Watu wa kazi yangu wana maneno ya heshima, kusafisha picha, kurekebisha picha. Mimi nasema kunyoa. Ukiona kompyuta yangu inavyokula mashavu ya watu utanielewa.

23 Juni
Mvua. Nimekula viazi vya kuchemsha peke yangu.

27 Juni
Leo jokofu langu dogo la kimchi, kabichi yetu ya kuchachua, lililetwa, na mletaji akaliacha chini mlangoni, mbele ya duka la samaki wakavu la Mama Jae-gyu. Kasema ngazi hazimo katika makubaliano. Nimemtukana, naye akanitukana, akawasha gari. Mama Jae-gyu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akipanga dagaa, anatazama kama yuko sinema.

"Mal-sun, si ulibebe tu," akasema. "Mwenyewe unajisifu una nguvu."

Mama Jae-gyu ndiye mwenye nyumba hii. Chini anauza samaki, juu nimepanga mimi. Anaongea na mimi kwa upole wa mtu anayejua anaweza kunitoa muda wowote.

Hapo ndipo alipokuja yule msichana. Niseme kweli, mabega yake yalitangulia, yeye akafuata. Alikuja na mwavuli mdogo wa maua usiofunika hata nusu yake. Akamwinamia Mama Jae-gyu kwa adabu mpaka kiuno kikavunjika mara mbili. Kisha bila kuulizwa akalikumbatia jokofu langu, akapanda nalo ngazi. Sikusikia hata akihema.

"Liwekwe wapi, mama mdogo?"

Nilimwonyesha kona. Nikatoa maji ya shayiri. Kumbe ndiye Pyo Geum-sil, mchumba wa Jae-gyu, mcheza mieleka wa timu ya manispaa, bingwa wa mashindano ya sikukuu ya mavuno ya mwaka jana katika uzito wa juu wa wanawake. Mama yake anauza vitoweo sokoni, figili na majani ya ufuta. Harusi ni Oktoba.

"Nataka picha ya harusi," akasema.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Hayumo kwenye hiyo."

Akatoa kwenye mfuko mkanda mwekundu, ule wa kitambaa wanaoufunga kiunoni na kwenye paja ili mpinzani apate pa kushika. Akasema anataka moja ya picha zitakazosimama mlangoni mwa ukumbi iwe hiyo, yeye na mkanda wake. Picha za gauni zitakuwepo pia, Mama Jae-gyu keshazilipia studio ya mjini. Lakini moja iwe yake.

Nikamwuliza kwani ukumbi wa mazoezi hauna picha yake. Anajua kucheka huyu mtoto, anacheka mpaka meno ya nyuma.

"Ipo. Pale ukutani mabingwa wanaume wote wako vifua wazi, mchanga mpaka kwenye nyusi. Mimi walinivalisha vazi la sherehe, wakanipa shada la maua. Nimekaa pale kama muuza asali."

"Si ndiyo mlivyo? Wanaume madaraja yao ya uzito yanaitwa kwa majina ya milima, ninyi mmepewa majina ya maua."

"Mama mdogo, ua gani lina kilo sabini na tisa?"

Nimekubali. Si kwa sababu ya maneno yake makubwa, ni kwa ajili ya jokofu.

29 Juni
Mvua. Nimewaza jinsi ya kumpiga picha. Nimeamua nitampunguza kidogo kwa taa, kivuli kitakula bega moja. Mtu mnene ukimweka upande kwenye giza anaonekana mtu wa kawaida. Hii ndiyo kazi, asidhani namdharau.

1 Julai
Tulikwenda ukumbi wa mazoezi. Paa linavuja, kuna ndoo katikati ya duara la mchanga. Wenzake walikuwa wameshaoga. Nilifunga taa mbili, nikamwambia akae upande.

"Hapana," akasema. Akanigeuzia mgongo.

Alikuwa ametoka kufanya mazoezi makali. Fulana isiyo na mikono, mkanda umefungwa, mchanga umemganda kuanzia shingoni. Akashika mkanda wake mwenyewe kwa nyuma kwa mikono miwili, akavuta. Mgongo mzima ukaamka. Sijui niandikeje. Misuli ile inayopanda kutoka mabegani hadi shingoni, ile ambayo wanawake wa mji huu wanaificha kwa nywele, ilisimama kama watu wawili wamekaa kila upande wanamlinda.

Nikasahau kivuli changu chote cha hila. Nikaweka taa wazi.

"Nisiangalie nyuma?" akauliza.

"Usiangalie kitu. Vuta."

Nina miaka sitini na moja. Naitwa Mal-sun, maana yake, kwa ufupi, msichana wa mwisho. Wazazi wangu walinipa hilo jina kumwarifu Mungu kwamba mabinti basi, wamechoka. Baada yangu walizaliwa wengine wawili, wote mabinti. Nimekaa nyuma ya kamera tangu nilipoolewa, na sikumbuki kupiga picha ambayo sikutaka kuirekebisha. Leo nimepiga. Nimerudi nyumbani nimelowa, nimefurahi kama mjinga, nimekaanga chapati ya vitunguu majani nikala yote.

3 Julai
Nimeichapa kubwa, urefu wa mlango. Nimeitafutia fremu ya mbao na kioo, nzito kweli. Nikaegemeza ukutani. Nimekaa nayo.

6 Julai
Mvua. Picha tatu za pasipoti. Wote wanataka kuwa na kidevu kimoja.

9 Julai
Mama Jae-gyu kapanda juu kuchukua nakala ndogo za Geum-sil. Binti yuko kambini na timu, kamwagiza yeye. Nikampa bahasha. Ndani niliweka ile picha, na kama nimpavyo kila mteja, nikaongeza moja ya bure iliyosafishwa. Hata sikuwaza. Nilikuwa nazungumza na simu huku mkono unanyoa wenyewe, bega hili, bega lile, shingo ikarefuka, mgongo ukawa mgongo wa mwalimu wa chekechea.

Alitoa ya bure kwanza. Akaitazama, macho yakamlowa. Wallahi, sijapata kumwona huyu mama akilowa macho, hata mumewe alipokufa alikuwa anakagua mizani.

"Kumbe anaweza kuwa hivi," akasema.

"Hiyo ni kompyuta, Mama Jae-gyu."

"Najua ni kompyuta. Nasema anaweza."

Halafu akaiona ile nyingine, akaiona na ya kwenye fremu. Akasimama mbele ya fremu kwa muda, mikono nyuma.

"Hii itasimama mlangoni? Wageni wakiuliza bwana harusi ni nani kati yao, nitawajibu nini?"

Akacheka, nami nikacheka. Nilicheka kwa sababu ana mdomo mtamu akitaka, na kwa sababu nyumba ni yake.

15 Julai
Kwa kalenda ni siku ya kwanza ya joto kali, na kwa desturi mji mzima unakula supu ya kuku. Jae-gyu kaniletea bakuli kutoka kwa mama yake. Kijana mwembamba, karani wa ushirika wa wakulima, ana mazoea ya kusafisha miwani yake hata ikiwa safi. Aliiona fremu, akasahau kunipa bakuli.

"Nilimpenda siku alipomrusha mpinzani mmoja kutoka Busan," akasema. "Alimnyanyua tumboni, akazunguka naye, akamlaza chini taratibu. Kisha akampangusa mchanga usoni. Nikasema huyu."

"Mwambie mama yako."

"Mama anajua."

"Anajua ulimpenda. Hajui ulipenda nini."

Akasafisha miwani. Supu ilikuwa na chumvi kidogo, lakini nzuri.

19 Julai
Mvua kubwa. Mto umefika kwenye ngazi za soko. Ndoo tatu ndani ya studio.

24 Julai
Mama Jae-gyu anajisifu chini kwa wateja wake, sauti inanifikia juu. Kampeleka mkwe kwa daktari, mji mkubwa wa Gwangju, kamlipia sindano za mabega. Mabibi harusi wote wanazichoma siku hizi, msuli wa shingoni unalegea, unanywea, gauni linakaa. Mwenyewe anaiita zawadi ya ukwe.

"Mama wakwe wangapi wanatoa zawadi kama hii?" anauliza. Wenzake wanaitikia kwa sauti moja kwamba hakuna.

Niliwaza, haya, ni mambo yao. Binti zangu wenyewe walichoma kabla ya harusi zao, nami ndiye niliyewashikia mkoba. Nikarudi kunyoa.

1 Agosti
Mvua zimekatika. Sasa ni joto na nyenje, wanapiga kelele mpaka masikio yanawasha.

4 Agosti
Geum-sil kaja. Nilikuwa nimemwekea maji ya shayiri yenye barafu. Alichukua kikombe kwa mikono miwili. Nilidhani ni adabu. Halafu nikaona anakishusha mezani kabla hakijafika mdomoni, anapumzika, anakiinua tena.

"Umeumia mazoezini?"

"Hapana."

"We mtoto, usinidanganye. Mimi nimeishi kwa kutazama watu."

Akakishusha kikombe. Kisha akanieleza yote. Mikono inanyanyuka mpaka kifuani, kutoka hapo juu inakuwa mizito, kama ya mtu mwingine. Jana kijana wa sekondari aliyekuja kufanya naye mazoezi alimwangusha mara mbili. Kocha anadhani anajivuta kwa ajili ya mambo ya harusi, kamwambia mbele ya timu, "Bibi harusi, nenda kapake kucha rangi." Hajamwambia kocha kuhusu sindano. Anaona aibu.

"Kwani daktari hakukuuliza unafanya kazi gani?"

"Aliuliza. Mama Jae-gyu akajibu yeye, akasema, 'Yuko manispaa.'"

Nilishindwa kuamua nicheke au nitupe kikombe. Ni kweli, mshahara wake unatoka manispaa. Wanamieleka wote wa timu ni waajiriwa wa manispaa. Na katika nchi hii ukisema mtu yuko manispaa, kila mmoja anaona meza, muhuri na sweta mgongoni mwa kiti. Mama Jae-gyu hakusema uongo. Aliona haya tu kutaja mieleka mbele ya daktari, na daktari akachoma dozi ya karani.

"Na wewe mdomo ulikuwa wapi?"

"Alikuwa amenishika mkono," akasema Geum-sil. "Tangu barabarani. Hajawahi kunishika mkono, mama mdogo. Niliogopa nikisema neno atauachia."

Nikauliza daktari alijuaje apunguze wapi na kiasi gani, maana mabega kama yale hayafanani na ya mtu mwingine. Akanitazama kama vile ninajua. Nilikuwa sijui.

"Si kwa ile picha? Mama aliitoa kwenye mkoba, daktari akaibandika ubaoni. Akanichora kwa kalamu mgongoni huku anaiangalia. Akasema, nani kasafisha hii, mkono mzuri sana."

Naandika hivi kwa mkono huohuo mzuri sana. Ile ya bure. Ile niliyoinyoa nikiongea na simu, nadhani na fundi wa paa. Hakuna aliyeniomba. Sikuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, ningekuwa na nia mbaya angalau ningekuwa nimefikiri.

Nilimwambia, "Ile niliitengeneza mimi."

"Najua. Ni nzuri," akasema. "Nilipoiona nilidhani ndivyo unavyonitaka na wewe."

Daktari amemwambia nguvu zitarudi, labda mwaka mpya, zisiharakishwe. Mashindano ya sikukuu ya mavuno ni Septemba. Mkataba wake na timu unaisha Desemba, na husainiwa upya kwa kuangalia matokeo ya sikukuu. Akanywa maji yake kidogo kidogo mpaka yakaisha. Hakutaka nimsaidie.

5 Agosti
Sijafungua studio.

7 Agosti
Nimeshuka kwa Mama Jae-gyu. Nilisubiri wateja waondoke. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ngazi kumi na nne, lakini nilipofika chini yote yakanitoka, nikasema tu:

"Umemlemaza yule mtoto."

Aliendelea kupanga dagaa, vichwa upande mmoja. "Nimemlemaza kwa lipi? Anatembea, anakula, juzi kala kwangu mabakuli mawili."

"Hawezi kunyanyua mikono. Septemba anacheza."

"Basi asicheze. Mal-sun, wewe una mabinti. Ungependa wapachikwe majina ya kejeli? Juzi sokoni muuza pweza kaniuliza, 'Huyo anayeingia kwako, ni mkwe au ni mlinzi?' Watu wakacheka. Nimekuwa mjane katika soko hili miaka mingi, hakuna aliyewahi kunicheka. Sasa nichekwe uzeeni kwa mabega ya mtu?"

"Ungemwambia daktari ukweli."

Hapo akaacha dagaa, akanikazia macho. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Sindano nilinunua mimi," akasema. "Kipimo ulinikatia wewe. Mimi nisingejua hata pa kuanzia. Nilikuwa nimeshamzoea vile alivyo, nakuapia. Mpaka uliponionyesha."

Akanifungia dagaa kwenye gazeti, akanipa, wazuri, wa mgongo wa fedha. Nami nikapokea. Nimepanda nao juu kama mtu aliyetumwa dukani.

14 Agosti
Joto. Dagaa wako pale pale mezani. Wananuka.

22 Agosti
Nimemwona Geum-sil kupitia dirishani akipita na mwavuli wa jua, karibu na Mama Jae-gyu. Shingo imekuwa ndefu kweli. Kwa nyuma anafanana na ile picha ya bure, sawasawa. Sijawahi kupata kazi iliyotokea vizuri namna ile.

30 Agosti
Nimemwambia Geum-sil amwambie kocha, ajitoe. Kasema akijitoa watamwuliza kwa nini, na akisema, wenzake watamcheka mpaka afe, bingwa kachoma sindano awe na shingo. "Bora nipigwe," akasema. "Kupigwa nimezoea."

8 Septemba
Tufani imepita mbali. Upepo tu. Mabango mawili ya soko yameanguka.

16 Septemba
Nimeandika mara tatu nikachana. Sasa naandika ilivyokuwa.

Mashindano tuliyaangalia kwa televisheni dukani kwa mama yake Geum-sil, kati ya mabeseni ya kimchi. Ni mwanamke mdogo, mwenye mabega yaleyale katika mwili wa kuku. Alikuwa anachambua vitunguu saumu hatazami, anasikiliza tu. Mama Jae-gyu hakuja. Jae-gyu alikwenda uwanjani.

Walipiga magoti mchangani, wakashikana mikanda, wakasimama. Mpinzani ni mtoto wa miaka ishirini na mbili anayemwogopa Geum-sil, ilionekana kabisa, alikuwa kashika kama anaomba radhi. Filimbi. Geum-sil akaingia chini vizuri, kiuno kikaenda, miguu ikaenda, kila kitu kikaenda kama nilivyokiona Julai. Alimnyanyua. Kwa muda mfupi yule mtoto alikuwa hewani, na mama yake Geum-sil akaacha kitunguu.

Kisha mabega hayakuja. Sina namna nyingine ya kusema. Mwili wote ulifika mahali pake, mabega hayakufika. Yule mtoto akatua juu ya miguu yake mwenyewe, akashangaa, akamsukuma tu, hata hakumtega. Geum-sil akaenda chini kwa mgongo.

Raundi ya pili haikuwa hata raundi. Alisimama akishika mkanda wa mwenzake kama mtu aliyeshika kamba ya nguo. Mtangazaji, mwanaume mwenye sauti ya sukari, akasema, "Ua letu la mwaka jana limenyauka, labda mawazo yake yapo kwenye shela." Watazamaji wakacheka. Kamera ikamfuata akipangusa mchanga, na mkono haukufika begani, akauacha mchanga pale.

"Anaumwa?" mama yake akaniuliza. "Mal-sun, mwanangu anaumwa? Wewe unamwona kila mara."

Nilimwambia sijui.

18 Septemba
Sikukuu imekwisha. Kocha kawaambia watu wa magazeti kwamba kila mchezaji ana wakati wake.

20 Septemba
Mama Jae-gyu kapanda na keki za mchele. Uso umechangamka. Anasema timu haitamsainisha Geum-sil tena, kasikia kwa mtu wa manispaa, na ni heri, mke wa mtu kila wiki kambini ni maisha gani. Atamfundisha kuchagua samaki. Akataka nichape ile ya bure kwa ukubwa wa mlango, ndiyo itakayosimama ukumbini.

Nilimwambia nimeifuta. Uongo, nilikuwa sijaifuta. Aliposhuka nikaifuta.

23 Septemba
Jae-gyu kaja akinyata, viatu mkononi ili mama yake asimsikie ngazini. Anataka nakala ndogo ya ile ya mgongo, ya kuweka ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho.

"Nyuma ya kitambulisho," nikasema.

"Mama hupenda kufungua pochi yangu."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Toka."

Hakutoka. Akasema anampenda, na namwamini, kampenda kabla yetu sote, kampenda vile alivyokuwa. Angesema neno moja Julai, kwa sauti ya kawaida, mezani, yote haya yasingetokea. Nilimwambia hivyo. Akavaa viatu hapohapo, akashuka akivipiga chini kwa kelele, nadhani huo ndio ushujaa wake wa mwaka huu.

29 Septemba
Geum-sil kaja asubuhi. Kakata nywele fupi, shingo yote nje.

"Harusi nimeivunja," akasema. "Nimemrudishia mama yake kila kitu. Pete, vitambaa, viatu. Kila kitu isipokuwa sindano."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nikamwambia aketi, akakataa. Kaja kuchukua picha yake, aipeleke dukani kwa mama yake, ikae juu ya mabeseni.

"Au nisaidie jambo moja kwanza," akasema. "Ipunguze. Ifanane na mimi. Watu wakiingia dukani wakaniona, wakaiona ile, watadhani najidai."

Kiangazi chote nimeombwa kupunguza watu, na sijamkatalia hata mmoja. Leo nimekataa, na niliyemkatalia ndiye pekee mwenye haki ya kuniamuru.

"Siwezi," nikasema.

"Daktari alisema una mkono mzuri."

Hakulisema kwa ubaya, au labda kwa ubaya. Ana haki na hilo pia. Nikamwambia kwamba sikumtaka vile, kwamba nilimtaka vile alivyo kwenye fremu, kwamba ile nyingine niliitengeneza bila kuwaza na nimejuta, najuta, sijui kuomba msamaha vizuri kwa sababu sijazoea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi naichukua hivyohivyo," akasema.

Akaikumbatia fremu kama alivyolikumbatia lile jokofu, magoti yamekunjika, mgongo umenyooka, kila kitu kwa utaratibu wake. Ikaondoka sakafuni kiasi cha kupitisha kadi. Ikarudi. Akapangusa viganja kwenye suruali, akashika upya, chini zaidi. Safari hii mabega yalitikisika mpaka kioo kikalia. Nilisogea nimsaidie.

"Usiguse!"

Nikarudi nyuma. Akajaribu mara ya tatu, na fremu haikuondoka kabisa. Akabaki ameiegemea, paji la uso kwenye kioo, mbele ya mgongo wake mwenyewe. Chini Mama Jae-gyu alikuwa anaita wateja, dagaa wa leo, dagaa wa leo.

Nikasema nitamwita mtu wa mkokoteni. Nikasema mimi na yeye tunaweza, upande huu na upande ule.

"Nitakuja kuichukua nikiweza kuibeba mwenyewe," akasema. "Iache hapo."

Alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Mama Jae-gyu akanyamaza alipopita, kisha akaendelea.

6 Oktoba
Mvua ndogo ya vuli. Nimepewa barua ya kuhama, mwisho wa mwaka. Imeandikwa kwa adabu.

Leo kaja bibi harusi wa Desemba na mwenzake, wanacheka. Kaiona fremu.

"Huyo mwanaume ni nani?"

"Ni mwanamke. Bingwa."

"Maskini," akasema, kwa huruma ya kweli. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha nywele. Akaniomba nimpunguze mabega kidogo, yake ya kawaida kabisa, mabega ya mtu asiyewahi kubeba zaidi ya mkoba. Nikampunguza. Ni kazi yangu na kaiomba kwa mdomo wake.

Wakati wa kuondoka akasema kasikia kwangu mtu hupewa na moja ya bure.

Nikamwambia siku hizi sitoi.